Kinue, mlinzi wa bahasha sitini na tatu

Saa mbili na robo asubuhi, Tsukada Kinue anajenga kuta. Hana tofali wala saruji. Ana maboksi ya kufungia vijiko, yale makubwa ya mizigo ya ng'ambo, na kisu cha kukatia karatasi. Anakata upande mmoja wa boksi, analisimamisha mezani, anavuta kiti na kuinamisha kichwa ndani. Kisha anahamia kiti cha jirani, kuhakikisha kwamba ukiwa pale huwezi kuona mwenzako anaandika nini.

"Hili halifai," anasema, akilipiga kofi boksi la tatu. "Nishikata wa kung'arisha ana shingo kama korongo. Huyu atachungulia tu."

Analitupa pembeni na kuchukua jingine refu zaidi.

Tupo ghorofa ya pili ya kiwanda cha vijiko na uma mjini Tsubame, mkoani Niigata. Mkurugenzi hakukataa tuandike habari hii, ila aliomba jina la kiwanda libaki kiwandani. Chini, mashine za kung'arisha zimeshaanza kulia na sakafu ya ukumbi wa chakula inatetemeka kidogo. Bado kuna harufu ya tambi nene za jana, zile za mchuzi wa mafuta ya nguruwe ambazo huletwa viwandani zikiwa bado moto.

Leo ni siku ya karatasi. Ndivyo wafanyakazi wote 63 wanavyoiita.

Sheria ya Japani inataka kila kiwanda chenye watu hamsini na zaidi kiwaulize wafanyakazi wake, angalau mara moja kwa mwaka, hali zao za moyo na akili. Dodoso linalotumika hapa lina maswali 57. Unazungushia duara jibu lako, unaziba bahasha, inakwenda kwa daktari na muuguzi. Mwajiri haruhusiwi kuona karatasi ya mtu bila ridhaa ya mwenyewe. Tena wenye uwezo wa kuajiri na kufukuza hawaruhusiwi hata kuzishughulikia bahasha hizo.

Kwa hiyo kazi ya kuzigawa na kuzikusanya ikamwangukia Kinue, mfungashaji mwenye umri wa miaka 57.

"Walikuwa wanatafuta mtu asiye na mamlaka juu ya mtu yeyote," anasema, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Wakazunguka kiwanda kizima, wakanikuta mimi. Hata paka wa nyumbani kwangu hanisikilizi."

Kinue analipwa yeni 1,080 kwa saa, saa sita kwa siku. Anafunga vijiko kumi kumi kwenye karatasi laini, na wenzake wanasema hahitaji kuhesabu, vidole vyake vinajua. Mumewe anaendesha lori la masafa marefu na hurudi nyumbani mara mbili kwa wiki. Mama mkwe wake ana miaka 86 na haamki kitandani bila kushikwa mkono. Kazi ya bahasha haimwongezei hata yeni moja.

Muulize kwa nini basi anaifanya kwa bidii namna hii, hadi kuja na kisu chake mwenyewe kutoka nyumbani. Atapanga boksi moja zaidi.

"Kwa sababu mara ya kwanza niliifanya vibaya," anajibu, "na mtu akaumia."

*

Ilikuwa Septemba ya mwaka juzi. Kinue alikuwa mgeni katika kazi hiyo, ametoka kuhudhuria semina ya nusu siku na kurudi na kijitabu chenye picha za watu wanaotabasamu. Akagawa karatasi wakati wa chai ya saa nne, watu wakiwa wameketi kwa idara kama kawaida yao.

Wang'arishaji ni kumi na mmoja. Unawatambua kwa mbali: pua nyeusi, masikio meusi, na vidole ambavyo sabuni imeshavikatia tamaa. Siku nzima wanasukuma vijiko kwenye gurudumu la kitambaa lililopakwa nta, na ukilegeza mkono kidogo tu uma unaruka kama risasi.

Nishikata Gen, mng'arishaji wa miaka 61 na mchekeshaji wa idara, ndiye aliyeanza.

"Dada Kinue, tukiandika humu kwamba kazi inatuua, nani anasoma?"

"Daktari na muuguzi tu. Kampuni haioni karatasi ya mtu mmoja mmoja. Inachopata ni picha ya idara nzima."

"Idara nzima? Yaani tukilia sisi, anayeitwa ofisini ni Honma?"

Honma Tokio, mwenye umri wa miaka 54, ni mkuu wa idara hiyo. Alikuwa, na bado ni, mkuu wa aina ambayo watu huomba wapewe. Uma zenye kingo mbaya alikuwa anazirudia mwenyewe usiku wa kuamkia sikukuu ili vijana waende kwao. Mtoto wa mtu akiugua, yeye ndiye wa kwanza kuuliza kama homa imeshuka. Siku ile alikuwa ameketi palepale mwisho wa meza, anapuliza chai.

Kinue anakumbuka neno kwa neno alichowajibu.

"Niliwaambia, 'Ndiyo hivyo. Sasa angalieni wenyewe, msije mkamwaibisha mtu wa watu.' Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Nilijiona nimesema jambo la busara kweli."

Kazi ikawa rahisi. Nishikata akavaa miwani yake ya kusomea na kuanza kuyasoma maswali kwa sauti, kama mnadi samaki. Kalamu zilikuwa mbili kwa watu kumi na mmoja, zikawa zinapita mkono kwa mkono.

"'Bosi wako unaweza kumtegemea?' Sana! Zungushieni 'sana'!"

"'Umechoka hoi?' Hata kidogo! Nani amechoka hapa?"

Honma alikuwa mwekundu kwa haya. "Jamani, acheni utani," alisema. Wakamsogezea kalamu. "Na wewe zungusha, mkuu, usituharibie!" Ukumbi mzima ukacheka. Honma naye akacheka, na akazungusha.

Walipofika mwisho wa ukurasa, Nishikata alifunua haraka na kuruka swali la chini kabisa. Hakuna aliyegundua. Swali lenyewe lilikuwa linauliza kama mtu anakosa usingizi.

Wiki iliyofuata simu ya Kinue iliita. Alikuwa Igarashi Momoko, muuguzi wa afya ya kazini anayehudumia viwanda kadhaa vya eneo hilo. Karatasi kumi na moja, alisema, na zote zimeacha swali lilelile moja. Kumetokea nini?

"Nikamjibu mashine ya fotokopi ilikata karatasi kwa chini," anasema Kinue. "Sikufikiri hata sekunde mbili. Uongo ukatoka umenyooka, nikashangaa mwenyewe."

Muuguzi akashukuru, akakata simu.

*

Majibu ya idara yalipotoka, wang'arishaji walikuwa wa kwanza kiwandani. Katika mkutano wa asubuhi, ule wa kusimama kwa mistari kabla ya kazi, mkurugenzi alimwita Honma mbele na watu wakampigia makofi. Kisha akasema kwamba idara yenye afya hivi inaweza kubeba zaidi. Akaipa oda ya hoteli moja kubwa: vijiko na uma 40,000 kabla ya mwaka kuisha. Wazee wawili waliostaafu mwezi huo hawakuzibwa pengo.

Honma aliinamisha kichwa, akasema wamepokea kazi.

Kuanzia hapo alikuwa anafika saa kumi na moja alfajiri, anarudia vijiko vibovu peke yake ili wenzake watoke kwa wakati. Kwa nje alikuwa yuleyule, na tabasamu lake. Kwa Kiswahili cha mtaani tungesema alikuwa anakufa na tai shingoni, ila yeye havai tai. Oda ilikamilika siku mbili kabla ya muda. Januari ikaja na theluji yake, na baada ya oda ile ikaja nyingine.

Asubuhi moja, saa moja, Kinue alikuta gari la Honma limefunikwa theluji kwenye maegesho. Akadhani limelala pale. Alipopita karibu akaona sehemu ndogo ya kioo ina ukungu kwa ndani. Akafuta theluji kwa mkono wa koti.

Honma alikuwa ndani, amezima injini, mikono yote miwili juu ya usukani.

"Mkuu Honma, umesahau kitu?"

Alichukua muda kugeuza shingo. Kioo kilikuwa wazi kidogo juu, na sauti ikatoka hapo.

"Dada Kinue, mkono umekataa kufungua mlango. Nimeuambia ufungue. Umekataa."

Alikuwa amekaa hivyo kwa saa mbili. Kinue alizunguka upande wa pili, akaingia, akaketi kiti cha abiria na kumfunika miguu kwa koti lake. Alimpigia simu mke wa Honma, kisha wakamsubiri. Mke alipofika, Honma alimtazama Kinue na kusema sentensi moja, ambayo Kinue hawezi kuisimulia bila kufuta macho.

"Aliniambia, 'Naombeni radhi, leo nimechelewa.'"

Honma alikaa nyumbani miezi minane.

Siku ileile, Kinue alijifungia kwenye stoo ya maboksi na kumpigia muuguzi Igarashi.

"Nilimwambia mashine ya fotokopi ilikuwa nzima. Mbovu nilikuwa mimi. Nikamweleza yote, kalamu mbili, miwani ya Nishikata, yote. Nikangoja anifokee."

Hakumfokea. Aliuliza tu, "Dada Kinue, umekula?"

Igarashi ana miaka 34 na anaongea polepole, kama mtu anayepima dawa. Anaikumbuka simu ile vizuri. "Nimeona viwanda vingi ambako watu wanadanganya kwenye dodoso kwa sababu wanaogopa," anasema. "Waliodanganya kwa sababu wanapenda nilikuwa sijawaona bado. Walimpenda mkuu wao, na katika kumlinda wakaificha hata shida yake yeye mwenyewe."

Honma, ambaye alikubali kuzungumza nasi wakati wa mapumziko, anaiweka hivi: "Swali la usingizi ndilo peke yake ambalo sikulidanganya. Kwa sababu halikusomwa."

*

Hapo ndipo yalipoanzia maboksi.

Kinue alirudi kwenye kijitabu cha semina, safari hii bila kutazama picha. Akakisoma akiwa jikoni, akimsubiri mama mkwe amalize uji. Akaelewa kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekielewa kiwandani: ile picha ya idara haitengenezwi ili mkuu wa idara aadhibiwe. Inatengenezwa ili mzigo upunguzwe, na mkuu mwenyewe ni mmoja wa waliobebeshwa.

Mwaka jana, kwanza alijaribu kuwapa watu karatasi waende nazo nyumbani. Haikufaa. Nishikata alikuja kujitangaza mwenyewe wakati wa chai kwamba karatasi yake ameijaza mkewe.

"Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, yeye anajaza anasonya," anasimulia Nishikata. "'Hukasirika haraka?' Kila siku! 'Huongei na watu?' Kama jiwe! Nilipoisoma nikasema huyu mwanamke ananijua. Ile ndiyo ilikuwa karatasi ya kweli kuliko zote, na Dada Kinue akaikataa."

"Niliikataa kwa sababu haikuwa yako," Kinue anamkatiza.

"Lakini ilikuwa kweli!"

"Basi mkeo ndiye aende kwa daktari."

Kwa hiyo akakata maboksi. Watu huingia watatu watatu, kila mmoja kutoka idara tofauti. Kila boksi lina penseli yake, imefungwa kwa uzi isitembee. Hakuna kuongea. Ukimaliza unaziba bahasha mwenyewe na kuitumbukiza kwenye kopo kubwa la biskuti za mchele lililotobolewa mfuniko. Mtu wa mwisho akishatoka, zinaagizwa tambi kwa kiwanda kizima, na hapo ndipo ruhusa ya kupiga kelele inaporudi.

Mwaka jana, mara ya kwanza ya maboksi, wang'arishaji walitoka wa mwisho kiwandani. Honma alikuwa bado likizo ya ugonjwa. Mkurugenzi alishuka mwenyewe hadi chumba cha kufungasha, karatasi ya majibu mkononi.

"Dada Kinue, umewafanya nini watu wangu? Mwaka jana wazima kama farasi, mwaka huu wagonjwa wote?"

"Walikuwa hivihivi, mkurugenzi. Safari hii wamekaa mbalimbali tu."

Mkurugenzi, tumpe haki yake, hakugeuka mbogo. Alikaa na muuguzi mchana mzima wakipitia namba. Wang'arishaji wapya wawili wakaajiriwa, na sehemu ya oda ikaanza kupelekwa kwa mafundi wa nje. Honma aliporudi, akaanza kwa nusu siku. Tangu Aprili anafanya kazi siku nzima.

Na sasa ile hoteli imerudi tena na oda yake. Mkurugenzi ametuambia waziwazi kwamba hatasaini kabla hajaona majibu ya idara ya kung'arisha. "Karatasi nzuri zilishanidanganya mara moja," anasema.

Kinachomkosesha Kinue raha ni kitu kingine. Kila asubuhi akipita maegeshoni, huweka kiganja juu ya boneti ya gari la Honma. Ikiwa ya moto, Honma amefika sasa hivi. Ikiwa ya baridi, yuko kiwandani muda mrefu.

"Wiki ya pili hii boneti ni baridi," anasema kwa sauti ya chini, akikunja kisu chake. "Ukimuuliza, anacheka. Anasema ameamka mapema tu. Mimi siwezi kumwambia andika hivi au vile. Na akishaandika, siruhusiwi kujua. Naweza kumjengea boksi tu, basi."

*

Saa tatu kamili wanaanza kuingia. Kinue anasimama dirishani, amegeukia nje. Hata kivuli cha mtu hataki kukiona. Anasikia tu viti, penseli na kopo la biskuti.

Wengi wanamaliza kwa dakika saba au nane. Nishikata anatumia kumi na kutoka akilalamika kwamba boksi linanuka gundi.

Honma anaingia saa nne na dakika tano, pamoja na mama mmoja wa mauzo na dereva wa gari la kunyanyulia mizigo. Mama wa mauzo anatoka. Dereva anatoka. Honma amebaki.

Dakika kumi na tano zinapita. Inasikika penseli, kisha kifutio, kisha kimya. Kisha kifutio tena, muda mrefu. Kinue, uso wake ukiwa dirishani, ameshika kingo za pazia kwa vidole viwili na wala hajui kwamba ameshika.

Dakika ya ishirini na mbili, bahasha inaanguka kwenye kopo.

"Asante kwa kazi, Dada Kinue."

"Na wewe, mkuu."

Anapofungua kopo mwishoni ili ahesabu, bahasha zipo sitini na tatu. Kumi na moja zina alama za vidole vyeusi. Anazipanga bila kuzigeuza, anazifunga kwa karatasi laini kama anavyofunga vijiko, na saa sita muuguzi Igarashi anakuja kuzichukua kwa saini.

Wakati wa tambi tulimuuliza Kinue yeye mwenyewe huwa anajaza nini.

"Mimi? Mimi huzungushia namba za katikati tu," alisema, akivuta tambi. "Kazi yangu nyepesi. Kufunga vijiko, kazi hiyo?"

Akageuza mazungumzo, akaanza kutueleza juu ya vichochoro vya Tsubame. Huko kuna karakana za mtu mwenye nyumba na vibarua wawili au watatu, wanaong'arisha vijiko vya viwanda vikubwa chumba cha mbele, na wanaishi chumba cha nyuma. Hadi leo hawalazimiki kuulizwa chochote, kwa kuwa hawafiki watu hamsini. Bunge limeshapitisha marekebisho ya kuwaingiza na wao, kinachosubiriwa ni siku ya kuanza kutumika. Igarashi amemwomba Kinue waende pamoja kuonyesha jinsi ya kufanya.

"Watu watatu, chumba kimoja, meza moja," alisema Kinue. "Mwenye nyumba ndiye anayekulipa na ndiye anayekupikia. Utamwandikaje? Hapo ndipo boksi linapohitajika hasa. Nimeshaweka pembeni arobaini, mkurugenzi hajui."

Mkurugenzi, aliyekuwa meza ya pili, alisema sasa anajua. Hakusema ayarudishe.

*

Wiki tatu baadaye tulirudi kiwandani kupiga picha. Ilikuwa chai ya saa nne. Barua za muuguzi zilikuwa zimeshafika majumbani, kila mtu na yake, na hakuna aliyekuwa anazizungumzia. Mwenye barua inayomshauri kumwona daktari anatakiwa kuomba kwa fomu. Fomu hiyo anaitunza Kinue kwenye droo ya meza ya kufungashia, na hata anayetaka kuzungumza tu na muuguzi hujaza hiyohiyo. Mtu anaweza kuja kuichukua kimyakimya wakati wowote. Katika miaka miwili hakuna aliyewahi kuja.

Siku hiyo Kinue alikuwa amepanda na droo nzima ukumbini, akitafuta risiti. Honma aliinuka kutoka meza ya wang'arishaji. Alitembea ukumbi mzima, kofia mkononi, akasimama mbele yake.

"Dada Kinue, naomba ile fomu."

"Ipi, mkuu?"

"Ya kumwona daktari."

Hakunong'ona. Alisema kwa sauti ileile anayotolea maelekezo ya kazi, na ukumbi wote ukasikia. Mtu mmoja aliacha kutafuna. Nishikata aliweka kikombe chini taratibu.

Kinue alipekua droo, akaitoa. Ilikuwa imekunjika pembe. Honma aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, kisha akageuka kuwatazama watu wake.

"Silali," aliwaambia. "Tangu Agosti. Mwaka juzi pia nilikuwa silali."

Kisha akarudi kuketi mahali pake, mwisho wa meza ileile.

Nishikata ndiye aliyezungumza kwanza. Sauti yake haikuwa ya mnada safari hii.

"Dada Kinue, hizo fomu zimebaki ngapi?"

"Ilikuwa moja tu."

"Moja? Watu sitini na tatu, fomu moja? Ofisi gani hii! Si utoe kopi?"

"Nitoe ngapi?"

Wengine walitazama vikombe vyao. Kinue aliiazima fomu ya Honma, akashuka ngazi hadi kwenye mashine ya fotokopi, ileile aliyoisingizia mwaka juzi. Alisimama mbele yake kidogo, akifuta macho kwa pindo la aproni. Akabonyeza kumi.

Karatasi zilitoka moja moja, nzima, hakuna iliyokatwa chini. Kinue akazigonga mezani ili zilingane. Kisha akabonyeza tena, moja. Hiyo akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa aproni.

Tulimuuliza hiyo ni ya nani.

"Ya mama mmoja wa kufungasha," alisema, bila kututazama. "Ana mkwe mgonjwa, mume yuko barabarani, anaamka mara nne kila usiku. Kila mwaka anazungushia za katikati."

Atamwona daktari lini, tukauliza.

"Kwanza aijaze," alisema Kinue, na akaanza kupanda ngazi. "Ataijaza kesho asubuhi, kabla watu hawajafika. Ndani ya boksi, kama wengine."